Uzi: Usiukatie mwani naitrojeni kabla hujajua unatafuta rangi gani

#1 ChupaYaKijani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikipita kwenye maswali ya wadau wanaofuga mwani wa hadubini nakutana na swali moja linalovaa nguo tofauti: nifanyeje mwani wangu utoe rangi zaidi? Jibu nalo huwa limeshaandaliwa: ukatie naitrojeni, uongezee mwanga. Kwa aina fulani za mwani jibu hilo ni sahihi kabisa. Kwa nyingine ni sumu, na ninaandika hivi kwa sababu liliwahi kuniharibia kazi ya mwezi mzima.

Nilikuwa na spirulina, yaani Arthrospira platensis, kwenye chupa sita za lita tano. Nilichokuwa nakitafuta ni fikosianini, ile bluu yake. Nikasoma maelezo mazuri tu kuhusu mwani mwingine, Haematococcus, kwamba ukiunyima naitrojeni unageuka mwekundu na kujaa astaksanthini. Nikajiambia mwani ni mwani. Nikauchuja, nikauosha, nikaurudisha kwenye maji yenye kila kirutubisho isipokuwa nitrati, yaani chanzo cha naitrojeni. Siku ya pili ile kijani-bluu ilikuwa imepauka kidogo. Siku ya nne chupa zilikuwa na umanjano wa jani lililolala chini ya jiwe. Mimi nikadhani dawa haijakolea, nikasogeza taa karibu zaidi. Siku ya sita nilichukua sampuli, nikaigandisha na kuiyeyusha kwenye maji ya fosfati ili nikamue bluu. Maji yaliyotakiwa kutoka kama wino yalitoka karibu meupe, yana ukijani wa mbali tu.

Mwani haukuwa mgonjwa. Ulifanya hasa kile ambacho ungetarajiwa kufanya. Fikosianini ni protini, na protini haitengenezwi bila naitrojeni. Seli ya spirulina huipanga rangi hiyo katika antena zake za kukusanyia mwanga, na antena hizo ni sehemu kubwa ya protini yote iliyomo ndani ya seli. Naitrojeni ikikatika, seli inawasha jeni la protini ndogo iitwayo NblA, antena zinavunjwavunjwa, na vipande vyake vinatumika kutengenezea vitu vya lazima zaidi. Kwa hiyo nilikuwa nimeifungia seli yenye njaa ndani ya ghala, halafu nikashangaa kwa nini ghala limeliwa.

Tangu siku hiyo huwa nagawa rangi za mwani mafungu mawili kabla sijagusa chupa. Kuna rangi za kazi: klorofili, fikosianini, fikoerithrini ya Porphyridium, fukozanthini ya daiatomu, na kwa kiasi kikubwa luteini. Hizi ndizo zinazokamata mwanga na kuuendesha kwenye usanisinuru. Seli inaziongeza ikiwa imeshiba na mwanga ni wa kiasi, kwa sababu mwanga ukiwa haba inabidi itanue antena. Halafu kuna rangi za kinga: astaksanthini ya Haematococcus na beta-karotini ya Dunaliella salina ikijaa kupita kiasi cha kawaida. Hizi seli inazitengeneza ikiwa imebanwa: mwanga unaingia mwingi kuliko inavyoweza kuutumia, chakula hakuna, na inabidi ijifunike.

Mafungu haya mawili yanataka mambo yanayopingana. Ushauri wa fungu moja ukiupeleka kwenye fungu la pili, hupati rangi kidogo, unapoteza hata ile uliyokuwa nayo.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

#2 MajiMatulivu

Asante sana mkuu, uzi huu ulikuwa unahitajika. Mimi nina Haematococcus, kwa hiyo niko fungu la pili. Nimeukatia nitrati, taa nimewasha saa 24, na bado una rangi ya kahawia tu, wiki ya pili sasa. Chupa zangu ni nzito, nzuri, za kijani kibichi kabisa kabla sijaanza. Kosa langu liko wapi?

#3 ChupaYaKijani

MajiMatulivu, umejijibu mwenyewe uliposema chupa ni nzito.

Mwanga unaosomwa kwenye ukuta wa nje wa chupa haukuambii chochote kuhusu mwanga unaoipata seli moja. Chukua taa hiyo hiyo na chupa hiyo hiyo, ila seli ziwe mara nne. Zilizo pembeni zinaungua, zilizo katikati ziko gizani, na kwa kuwa hewa inazikoroga, kila seli inatumia muda mwingi kwenye kivuli cha wenzake. Kwa wastani hakuna iliyobanwa. Na seli ambayo haijabanwa haina sababu ya kuwa nyekundu, hata ikikaa bila nitrati. Nitrati yenyewe iliyobaki kutoka hatua ya kijani (ile ya kuukuza mwani kabla ya kuubana uwe mwekundu) inaweza kuwa inaendelea kuilisha bila wewe kujua.

Fanya hivi. Zima pampu ya hewa usiku mmoja. Seli zilizokwisha kupoteza mikia na kuwa duara zitatua chini. Mwaga maji ya juu polepole, maana humo ndimo nitrati iliyobaki ilimo pamoja na seli nyingi zinazoogelea. Ongeza maji mapya yasiyo na nitrati, tena mengi, mpaka uweze kuona kivuli cha vidole vyako ukiviweka nyuma ya chupa. Wengi huanza hatua nyekundu wakiwa chini ya gramu 1 ya mwani mkavu kwa lita. Halafu pandisha mwanga. Hatua ya kijani huendeshwa vizuri chini ya mikromoli 100 hivi za fotoni kwa mita ya mraba kwa sekunde (kipimo cha wingi wa mwanga); hatua nyekundu unaweza kwenda 200, 300 au zaidi kutegemea wingi wa seli.

Ila usiruke. Hapa ndipo watu wengi huua mwani wao. Seli changa yenye mikia miwili, ile inayoogelea, haiwezi kuvumilia mwanga mkali wa ghafla. Inafifia na kupasuka. Ile iliyotulia, iliyoacha mikia na kuanza kuvaa ukuta mnene, ndiyo yenye nguvu ya kuvuka. Kwa hiyo kabla hujapandisha taa chukua tone moja uliweke chini ya hadubini. Ukiona bado wengi wanakimbia huku na huko, subiri siku mbili tatu mwanga ukiwa wa kawaida.

Na ukiwa hapo kwenye hadubini, usiondoke haraka. Wekundu hauanzi popote tu. Unaanza katikati, kuzunguka kiini cha seli, kama doa la wino kwenye karatasi ya kijani, halafu unatanuka kuelekea pembeni kwa siku kadhaa mpaka kijani kinabaki ukingo mwembamba. Ni matone ya mafuta yaliyobeba astaksanthini. Mwanga mkali ukiipiga seli, matone yale husogea kuelekea nje na kuifunika kloroplasti. Mwanga ukipungua yanarudi katikati. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilikaa pale karibu saa nzima. Ndiyo maana naiita rangi ya kinga: unaiona kabisa ikifanya kazi ya mwamvuli.

Tena matone hayo ya mafuta yanaeleza kwa nini njaa ya naitrojeni inasaidia hapa. Sehemu kubwa sana ya astaksanthini ya Haematococcus haikai yenyewe, imeshikanishwa na asidi za mafuta. Bila mafuta haina mahali pa kuhifadhiwa. Seli iliyokosa naitrojeni haiwezi tena kujenga protini na kugawanyika, kwa hiyo kaboni yote inayoikamata inaelekezwa kwenye mafuta, na ghala la rangi linapanuka.

#4 Hadubini

Naomba niongezee kwa MajiMatulivu. Angalia pia kama ule ukahawia wenyewe si ugonjwa. Haematococcus ana adui mmoja mbaya, kuvu mdogo anayeitwa Paraphysoderma sedebokerense. Anajibandika kwenye seli, anainyonya, na baada ya siku chache seli zinashikana mabonge na maji yanageuka kahawia iliyokolea. Mimi alinimalizia mapipa mawili nikidhani ni wekundu unaanza. Hadubini itakuonyesha: ukiona seli nyingi zimegandamana na vijiduara vidogo visivyo na rangi vimeng'ang'ania kuta zake, huo si wekundu. Usichanganye chupa hiyo na nyingine, na wala usiitumie kama mbegu ya kuanzishia chupa mpya.

#5 ChupaYaKijani

Hadubini ameongea la maana kabisa. Usafi wa mbegu ni nusu ya kazi, na wekundu hautafutwi kwenye chupa yenye kuvu.

#6 Bwawani

Mimi niko kwenye Dunaliella, mabwawa ya wazi. Nakubaliana na mgawanyo wako lakini umesahau chumvi. Kwetu chumvi ndiyo mchungaji. Fabrea salina, yule kijidudu mwenye vinyweleo anayekula Dunaliella, chumvi ikipanda sana anashindwa kufuata. Tukipandisha chumvi mpaka maji yakaribie kushindwa kuiyeyusha zaidi, bwawa linabaki la Dunaliella peke yake na rangi ya machungwa inakolea. Tatizo ni kwamba mwani unakua polepole mno.

#7 ChupaYaKijani

Kweli Bwawani, na umenigusa mahali ambapo nilitaka kufika.

Kwa wasioijua: Dunaliella salina haina ukuta mgumu wa seli kabisa, ina ngozi laini tu. Inahimili chumvi kwa kujaza gliseroli ndani yake ili maji yasivutwe nje. Pale ilipobanwa vizuri, beta-karotini yake imefika asilimia 10 ya uzito mkavu na hata kupita. Hakuna mmea wa shambani unaokaribia hapo. Rangi inakaa kwenye vitone vya mafuta ndani ya kloroplasti yenyewe, si nje yake kama kwa Haematococcus. Na kwa kuwa haina ukuta, kuikamua ni rahisi mno, ila kuivuna ni mtihani: pampu kali au mashine ya kuzungusha kwa kasi huipasua kabla haijafika ulikokusudia.

Sasa kuhusu upole wa kukua. Mtu akiniambia mwani wake una asilimia 5 ya rangi, mimi humuuliza maswali mawili: gramu ngapi za mwani kwa lita, na zimechukua siku ngapi? Asilimia peke yake haina maana. Kinachovunwa ni rangi kwa lita kwa siku. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Chupa ya kwanza inatoa gramu 0.1 za mwani kwa lita kwa siku, na mwani huo una rangi asilimia 4. Hiyo ni miligramu 4. Chupa ya pili rangi ni asilimia 2 tu, lakini inakua gramu 0.3 kwa lita kwa siku. Hiyo ni miligramu 6. Chupa ya kwanza inapendeza kwenye picha, ya pili ndiyo yenye mavuno.

Na kwa wenye hatua mbili, hesabuni siku zote. Nimeona watu wanachukua siku 6 za wekundu wanasahau siku 10 za kijani zilizotangulia. Mwani gramu 2 kwa lita wenye rangi asilimia 3 ni miligramu 60. Ukigawa kwa 6 unapata 10 kwa siku na moyo unafurahi. Ukigawa kwa 16, ambazo ndizo siku za kweli, unapata 3.75. Ukilinganisha namba yako ya kwanza na ya mwenzako aliyehesabu siku zote, utamshauri vibaya.

Kwa hiyo Bwawani, swali lako si chumvi iwe ngapi ili rangi ikolee zaidi. Swali ni wapi faida ya rangi inapoanza kuliwa na hasara ya ukuaji. Mahali hapo utapapata kwa kupima mabwawa mawili au matatu yenye chumvi tofauti kwa wiki kadhaa, basi.

#8 MwanafunziWaMaabara

Samahani wakubwa zangu, mimi ni mwanafunzi. Mnasema "pima" lakini wengine hatuna vifaa vikubwa. Fikosianini unaipimaje mpaka ukaamini namba yako? Nina spektrofotomita ya zamani (kifaa cha kupima mwanga unaomezwa na kioevu) na friza.

#9 ChupaYaKijani

Mdogo wangu, ukiwa na hivyo viwili umeshafika mbali.

Kausha mwani kwa joto dogo, si zaidi ya nyuzi 40, gizani. Pima miligramu 10 za unga, weka kwenye mililita 10 za maji ya fosfati yenye pH 7. Gandisha kwenye friza mpaka uwe jiwe, yeyusha kwenye ubaridi, rudia mara tatu au nne. Kila unaporudia, barafu inapasua seli na bluu inatoka. Utaona kwa macho: mara ya kwanza maji yana ubluu wa anga, mara ya tatu ni wino. Endelea mpaka namba isipande tena. Zungusha kwa mashine ya kasi ili mabaki yatue chini, chukua maji ya juu yaliyo safi kabisa. Yakiwa na ukungu, kifaa chako kitakudanganya, kwa sababu ukungu unazuia mwanga kama rangi inavyouzuia.

Soma kwenye nanomita 615 na 652. Mlinganyo uliozoeleka ni wa Bennett na Bogorad wa 1973: chukua usomaji wa 615, toa 0.474 mara usomaji wa 652, gawa jibu kwa 5.34. Unapata miligramu za fikosianini kwa mililita. Tuseme umesoma 0.90 na 0.30. 0.474 mara 0.30 ni 0.142. Toa kwenye 0.90 unabaki na 0.758. Gawa kwa 5.34, ni 0.142. Mara mililita 10 ni miligramu 1.42, kutoka miligramu 10 za unga. Hiyo ni asilimia 14, na spirulina yenye afya inafika hapo.

Soma pia 620 na 280. Gawa ya kwanza kwa ya pili, utajua usafi wa bluu yako, kwa sababu 280 inahesabu protini zote. 0.7 na kuendelea huhesabiwa kuwa inafaa kwa chakula; 4 na kuendelea ni ile ya kazi nyeti za maabara. Usikate tamaa ukipata 0.6 mara ya kwanza.

Na tafadhali, joto. Fikosianini ikipita nyuzi 45 hivi inaanza kuharibika, na mwanga wa jua unaimaliza haraka zaidi. Nimeona mtu amefuga mwani kwa uangalifu wiki tatu halafu akaanika juani saa sita mchana. Rangi yote aliyoihangaikia iliondoka kwenye turubai, si kwenye chupa.

#10 MwanafunziWaMaabara

Nimeelewa, ahsante sana. Sasa kama njaa haisaidii kwenye spirulina, ni nini kinachoongeza bluu?

#11 ChupaYaKijani

Shibe na kivuli cha kiasi.

Naitrojeni isikatike. Maji ya Zarrouk (mchanganyiko wa virutubisho wa kufugia spirulina), yaliyotumika tangu 1966, yana gramu 2.5 za nitrati ya sodiamu kwa lita pamoja na gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu. Watu wanapunguza nitrati ili wabane matumizi, halafu mwisho wa kilimo bluu inashuka bila wao kujua kwa nini. Vuna kabla nitrati haijaisha, usingoje chupa iwe nzito kupita kiasi. pH ikae kati ya 9 na 10.5, joto karibu na nyuzi 35.

Mwanga ukiwa wa wastani, seli inaongeza antena. Ukiwa mkali, inazipunguza. Lakini hapa hesabu ya #7 inarudi: mwanga hafifu unapandisha asilimia na kushusha ukuaji. Nilichoona kinafaa ni kukuza kwa mwanga mzuri, kisha siku mbili au tatu za mwisho kuupunguza huku nitrati ikiwa bado ipo. Rangi ya taa nayo ina kazi. Taa nyekundu hukuza mwani kwa kasi; taa ya bluu imeonekana mara nyingi kupandisha kiasi cha fikosianini ndani ya seli huku ukuaji ukipungua. Ukiwa na taa za LED za rangi mbili, jaribu nyekundu kwanza kisha uongeze bluu mwishoni. Kwa Haematococcus pia bluu ina nguvu, ila kule inasukuma wekundu.

Luteini na fukozanthini ziingize kwenye fungu hili hili. Phaeodactylum, aina ya daiatomu, ukimpa mwanga mkali na kumnyima nitrati, fukozanthini inashuka. Nimeshaulizwa mara tatu kwa ujumbe wa faragha, kwa hiyo naliandika hapa kwa wote.

#12 Hadubini

Mkuu ChupaYaKijani, kwa heshima naomba nipingane nawe kidogo. Unaeleza hatua mbili za Haematococcus kana kwamba ndiyo njia pekee. Kuna waliofanya kwa hatua moja: unaingiza maji mapya mfululizo yenye nitrati kidogo tu, mwanga mkali, na mwani unakua huku una rangi. Hakuna kuhamisha, hakuna kusubiri siku 10 za kijani. Kwa hesabu yako mwenyewe ya siku, si ingekuwa bora?

#13 ChupaYaKijani

Umenikamata vizuri, na uko sahihi kwamba inawezekana. Seli inalishwa kiasi cha kuendelea kugawanyika lakini si kiasi cha kushiba, kwa hiyo inabeba rangi ikiwa bado inakua. Asilimia ya rangi inakuwa ndogo kuliko ya seli nyekundu kabisa, ila mfululizo wake unaweza kulipa.

Sababu ya mimi kubaki na hatua mbili ni moja. Njia ya mfululizo inamtaka mtu anayeweza kushika nitrati kwenye kiwango kidogo siku baada ya siku bila kuyumba. Ikipanda kidogo, mwani unarudi kijani. Ikishuka, unaacha kukua na unaoshwa nje pamoja na maji yanayotoka. Zaidi ya hayo, mwani unaokaa nusu kijani nusu mwekundu kwa miezi ni mlango wazi kwa yule kuvu wako wa #4. Hatua mbili zinakupa nafasi ya kuanza upya kila mara. Mwenye vifaa vya kupima nitrati kila siku, nitafurahi akijaribu na kutuletea namba.

#14 Bwawani

Na upande wa jeni? Nasikia siku hizi hawahangaiki na njaa wala mwanga, wanabadilisha mwani wenyewe.

#15 ChupaYaKijani

Kuna njia ya zamani na njia mpya.

Njia ya zamani ni kuchagua. Seli zinapigwa mionzi ya UV au kemikali ili jeni zibadilike ovyo, halafu zinawekwa kwenye sahani yenye kiuagugu kiitwacho norflurazoni. Hicho kinaziba kimeng'enya cha pili katika njia ya kutengeneza karotenoidi, lile kundi la rangi lenye beta-karotini na astaksanthini. Karibu zote zinafia pale. Zinazobaki hai, baadhi yake ni zile zilizoongeza nguvu ya njia hiyo, na miongoni mwao ndimo unapotafuta zenye rangi nyingi. Ni kazi ya subira, sahani baada ya sahani, na zinazopita mtihani wa sahani nyingi huanguka mtihani wa chupa kwa sababu zinakua taratibu mno. Lakini haihitaji kuingiza jeni la kiumbe kingine.

Njia mpya ni kushika jeni lenyewe. Mwanzo wa njia ya karotenoidi kuna kimeng'enya kinachounganisha molekuli mbili kuwa fitoini, karotenoidi ya kwanza katika njia hiyo, na hapo mara nyingi ndipo foleni inapojengeka. Mbele zaidi kuna kiitwacho BKT, kinachoelekeza beta-karotini kuwa astaksanthini. Mwaka 2020 watafiti walilisanifu upya jeni la BKT la Chlamydomonas, mwani ambao kwa kawaida hautengenezi astaksanthini kwa kiasi cha maana, na wakaupata ukiitengeneza ukiwa unakua, bila njaa. Hilo kwangu ni jambo kubwa, kwa sababu linaivunja ile ndoa ya rangi na dhiki. Rangi ya kinga inatengenezwa kama rangi ya kazi.

Kwa sisi wenye chupa na pampu za hewa, bado seli tulizo nazo zina nafasi kubwa ambayo hatujaitumia. Sijaona chupa nyingi zilizoshindwa kwa sababu ya jeni. Nimeona nyingi zilizoshindwa kwa sababu ya kivuli, nitrati iliyosahaulika na jua la kuanikia.

#16 MajiMatulivu

Mrejesho wakuu. Nilifanya kama ulivyosema #3. Nilipozima hewa, asubuhi nilikuta chini pametua tabaka la kijani-kahawia, juu bado kuna wingu la seli zinazoogelea. Nilimwaga, nikaongeza maji karibu mara tatu ya mwanzo. Nilianza taa kwa mbali, siku ya tatu nikasogeza. Leo ni siku ya saba. Chini ya hadubini kati ya seli 50 nilizohesabu, 41 zina doa jekundu katikati, na tisa hivi zimeshajaa mpaka ukingoni. Kuvu sikumuona, nilimtafuta kweli kweli. Chupa moja niliacha nzito makusudi ili nilinganishe. Bado ni ya kahawia.

Swali: nivune lini, na nikishavuna hizi kuta ngumu nazifanyaje?

#17 ChupaYaKijani

Umefanya vizuri sana kuiacha ile moja. Hiyo ndiyo itakayokufundisha kuliko mimi.

Usivune kwa sababu chupa inaonekana nyekundu kwa macho. Macho yanadanganywa na klorofili inayopungua. Chukua sampuli kila siku mbili, pima uzito mkavu na rangi, na andika miligramu kwa lita. Namba hiyo itapanda, itapunguza kasi, kisha itakaa palepale. Ikikaa palepale vipimo viwili mfululizo, vuna. Kila siku ya ziada inakuongezea siku za kugawia bila kukuongezea rangi.

Kuhusu kuta: seli nyekundu iliyokomaa huwezi kuikamua ikiwa nzima, hata ukiiacha kwenye asetoni usiku kucha. Itatoa kidogo na utadhani mwani hauna rangi. Kwa sampuli ndogo, isage kwenye kinu cha mkono pamoja na mchanga laini uliooshwa au shanga ndogo za kioo, na kinu kiwe baridi. Weka asetoni, tikisa, zungusha, mimina kioevu chekundu pembeni. Rudia mpaka unga wa chini ubaki mweupe. Ukibaki na waridi, rangi bado imo. Fanya yote haya taa ya chumba ikiwa hafifu na chupa imefunikwa karatasi ya fedha, madirisha wazi kwa sababu ya asetoni, na moto wowote uwe mbali.

Ukipata namba za ile chupa nzito na hizi nyepesi, ziweke hapa zote mbili pamoja na siku zake, kuanzia siku ulipotia mbegu.